Bibi Harusi wa Kifalme na Pasipoti ya Mke Wangu

Wiki ile ilipotangazwa kwamba kijana mmoja wa nyumba ya kifalme amemchumbia mwanamke wa kigeni, mke wangu alinipigia simu kazini saa ya chakula. Si kawaida yake kunipigia kazini, nikadhani mtoto ameanguka shuleni.

"Jumamosi una zamu?" akauliza.

"Sina."

"Basi njoo saluni. Wanabishana tangu asubuhi, kazi haziendi. Mmoja anasema bibi harusi atapewa pasipoti kanisani pamoja na pete. Nimewaambia mume wangu atakuja awasomee sheria."

Nikamwambia nitakuja. Kabla sijamaliza chai yangu nilikuwa nimeshaandika maswali matano kwenye daftari: viza, muda wa kukaa, mtihani, kiapo, na uraia wa kwao bibi harusi utakuwaje. Niliyafurahia maswali yale. Yalikuwa na majibu, na majibu yalikuwa yameandikwa mahali.

Mimi ni mtunza stoo katika hospitali moja ya kusini mwa London. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba boksi lililoandikwa glavu lina glavu, na kwamba vitu vinavyokaribia kuisha muda viko mbele, si nyuma. Shule niliiacha kidato cha pili, Unguja, baba alipougua. Nilichojifunza baada ya hapo nimejifunza kwa kusoma mwenyewe: kwanza Kiingereza, halafu hesabu za stoo, halafu sheria za uhamiaji, ambazo nilianza kuzisoma mwaka niliooa.

Nilioa nimeshapita miaka arobaini na tatu, Pemba, mwanamke ninayemzidi umri kwa miaka tisa na anayenizidi akili katika mambo mengi. Kumleta London kulihitaji fomu ndefu, na watu walinishauri nitafute wakili. Mimi nikaenda maktaba ya Thornton Heath, tunakokaa, nikasoma kanuni zote zinazohusu wanandoa, mstari kwa mstari, kamusi ikiwa pembeni. Ilinichukua majira ya baridi mazima. Viza ilitoka bila swali hata moja. Tangu hapo watu wetu wakaanza kuniletea karatasi zao. Sheria ya hapa haimruhusu mtu asiyesajiliwa kutoa ushauri wa uhamiaji, kwa hiyo mimi sishauri. Nasoma kwa sauti kilichoandikwa, natafsiri, na nawapangia karatasi kwa tarehe. Mtu akiniuliza, "Sasa nifanyeje?" nampa anwani ya wakili.

Kuna jambo jingine linalojulikana juu yangu, na hilo ndilo wanalonichekea. Nilipoapishwa kuwa raia wa Uingereza, miaka mingi kabla ya kuoa, niliisoma sheria ya kwetu Tanzania, nikaona kwamba mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, ule wa kwanza umekwisha. Wenzangu walizificha pasipoti zao za zamani chini ya magodoro na ndani ya masanduku, wakasema hakuna aliyewauliza. Mimi niliibeba yangu hadi ubalozini nikairudisha. Karani aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nimeisoma sheria. Akanitazama kwa huruma, akaniandikia risiti. Risiti ninayo mpaka leo.

Jumamosi ilipofika nilikwenda Peckham pamoja na binti yetu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka sita. Saluni anakosuka mke wangu iko baina ya duka la mihogo na ndizi na ukumbi wa kanisa ambalo kwaya yake hufanya mazoezi tangu asubuhi. Mwenye saluni ni Mkenya wa Nakuru, ambaye huzungumza na mtu aliye mbele yake kama anayemwita aliye ng'ambo ya barabara.

"Shemeji amekuja na faili," akasema. "Kaeni vizuri, leo tunasomewa hukumu."

Baadhi ya wateja pale ni wanawake wa pwani wanaojisitiri, na wakishaingia huvua mitandio yao. Kwa hiyo mimi nina kiti changu karibu na mlango, kinachoelekea dirishani. Nakaa nimewapa mgongo, natazama mabasi, na mazungumzo yote nayafanya na kioo. Hakuna aliyeniamuru. Ndivyo tulivyolelewa, nami naona ni utaratibu mzuri. Mke wangu husukia kiti cha ndani kabisa, na siku ile binti yetu alikaa sakafuni karibu naye akichora.

"Kwanza," nikaliambia dirisha, "hakuna sheria ya wafalme. Nimetafuta. Mgeni anayeolewa na mwana wa mfalme na mgeni anayeolewa na dereva wa basi wanajaza fomu moja."

"Wacha," akasema mwenye saluni.

"Ndivyo ilivyoandikwa. Waziri ana uwezo wake wa kumruhusu mtu nje ya kanuni. Lakini ndani ya kanuni hakuna mlango wa kifalme."

"Na hati za mshahara?" Huyu alikuwa muuguzi wa Mombasa, mteja wa kila mwezi, namjua kwa sauti tu. "Sisi tuliombwa za miezi sita. Na yeye mume ataleta?"

"Lazima athibitishe kipato au akiba."

"Basi ataenda kwa mkuu wake wa kazi amwambie, baba, nisainie hapa."

Walicheka. Nikangoja wamalize, nikasoma sehemu ya makazi: kwamba wanandoa waonyeshe wana mahali pa kukaa pasipo msongamano.

"Mimi ofisa aliniuliza mna vyumba vingapi," akasema mwenye saluni. "Yeye atasema, ngoja kwanza nihesabu, nitakupigia wiki ijayo."

Nikaendelea na muda wa kukaa, miaka mitano hadi kibali cha kudumu, na mtihani wa maswali ishirini na manne juu ya maisha na historia ya nchi hii. Muuguzi akasema masikini, ataulizwa majina ya mababu wa mumewe, na akishindwa atakula vipi meza moja na wakwe. Nilipofika kwenye kiapo nikasoma polepole, kwa sababu nilikuwa nimekipenda. Anayepewa uraia anaapa utii kwa mwenye taji, pamoja na warithi wake na wanaomfuata, kwa mujibu wa sheria.

"Kwa hiyo bibi harusi ataapa kumtii mkwe," nikasema. "Na kwa kuwa kiapo kinataja warithi, huenda akawa anaapa kumtii mumewe, na baadaye mtoto wake mwenyewe."

"Sasa hapo jipya liko wapi?" akasema mwenye saluni. "Sisi sote tumeapa kumtii mkwe. Tofauti ni kwamba hatukupewa cheti."

"Mimi mtoto wangu namtii tangu aliponunuliwa simu," akasema muuguzi.

Nilifurahi. Sikuwahi kusoma mbele ya watu waliosikiliza vile. Nikafika kwenye swali la tano, na mwenye saluni akalitoa kabla yangu: "Na pasipoti yake ya kwao? Ataipeleka ubalozini kama wewe, shemeji?"

Kicheko kilichofuata nilikitegemea. Nikaeleza kwamba si lazima airudishe. Uingereza haimkatazi raia wake kuwa na uraia wa pili, na nchi ya bibi harusi nayo inaruhusu, basi akitaka atakuwa nazo zote mbili.

"Kama mimi," akasema muuguzi. "Hii ya kutokea na ile ya kuingilia, zote mkobani. Ni nyinyi Watanzania tu. Wake wanne mnaruhusiwa, pasipoti moja."

Hata mimi nilicheka. Walipotulia nikasikia sauti ya mke wangu kutoka nyuma kabisa. Ilikuwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuuliza kama mchele umekwisha.

"Na asiyetaka?"

"Asiyetaka nini?"

"Asiyetaka kuchukua uraia wa mume. Ameolewa, anakaa na mumewe, ana kibali chake, lakini hataki. Sheria inamfanyaje?"

"Haimfanyi kitu. Uraia ni maombi. Asiyetaka haombi." Na kwa kuwa sipendi kuacha jibu nusu, nikaongeza: "Ila mwenye kibali akikaa nje ya nchi miaka miwili mfululizo, kibali kinakufa."

"Kinakufa," akarudia.

Nikafunga faili. Kama ningekuwa nimekaa kama watu wengine wanavyokaa, labda ningeuona uso wake.

Sasa nieleze kilichokuwa nyumbani. Kabatini kulikuwa na faili jingine, la mke wangu. Alikuwa ameshakaa nami London miaka saba, kibali cha kudumu anacho, mtihani alishafaulu. Kilichobaki kilikuwa ombi la uraia, na nilikuwa nimelitayarisha kwa mwaka mzima. Tarehe zake zote za kutoka na kurudi niliziandika na kuzilinganisha na mihuri. Wadhamini wawili walikuwa wamesaini, mmoja wao mwenye saluni. Mahali pa yeye kuweka sahihi niliweka alama ndogo za penseli ili asihangaike kutafuta. Kwenye kalenda ya jikoni, Jumapili iliyofuata siku ile ya saluni, nilikuwa nimeandika: sahihi.

Jumapili asubuhi nikamletea fomu jikoni. Alikuwa anachambua mchicha.

"Weka hapo kwanza," akasema.

"Ni sahihi mbili tu."

"Jana umesema asiyetaka haombi."

"Nilikuwa nasema juu ya bibi harusi."

"Nani aliyeuliza?"

"Wewe."

"Haya basi."

Akaendelea kuchambua. Nikavuta kiti nikakaa. Sikuelewa mara moja, na naona haya kidogo kuandika kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa juu ya wadhamini, kwamba sahihi zao zitapitwa na wakati.

"Tangu lini hutaki?" nikauliza.

"Tangu uwanja wa ndege."

Nilijua ni uwanja upi. Miaka miwili kabla ya hapo baba yangu alifariki Unguja, tukaenda watu watatu kwenye hitima. Tulipoingia ndani ya jengo la uwanja tukakuta njia mbili, moja ya raia na moja ya wageni. Mke wangu akaenda yake. Mimi na binti yetu tukaenda ya wageni, nyuma ya watalii waliovaa kaptura, waliokuwa wakipakana mafuta ya kuzuia jua wangali ndani ya jengo. Mke wangu alipita kwa dakika chache. Akasimama upande wa pili na mikoba yetu, akitungojea. Mtoto, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, akaniuliza kwa nini mama si mgeni kama sisi. Mstari ulikuwa mrefu. Nilipofika mbele, ofisa, kijana mwenye adabu sana, akasema, "Karibu Zanzibar, mzee. Mnafikia hoteli gani?"

Nikamwambia tunakwenda nyumbani kwetu Kikwajuni, kuna msiba. Akanipa pole. Lakini fomu ilikuwa na nafasi ya jina la hoteli, na haikukubali kuachwa tupu, basi nikaandika hapo: Kikwajuni. Sikuona ubaya. Sheria niliisoma, nikairudisha pasipoti kwa mkono wangu, na mgeni hupanga mstari wa wageni. Mimi nililichukulia hivyo na nikalisahau. Mke wangu aliliona kutoka upande wa pili, akiwa na mikoba mitatu, naye hakulisahau.

"Ulikuwa unakwenda kumzika baba yako," akasema pale jikoni. "Wanakuuliza hoteli."

"Alikuwa ameshazikwa."

"Ndiyo wewe hivyo. Nakwambia hili, unanijibu lile."

Akakusanya mizizi ya mchicha akaitupa, akanawa mikono, akakaa mbele yangu.

"Sikiliza, bwana. Katika nyumba hii watu wawili wameshakuwa wageni kule. Wewe umetaka mwenyewe, na mtoto amezaliwa hapa. Abaki mmoja mwenyeji. Huyu mtoto akikua akitaka kwao, awe na mtu wa kumfuata."

Kisha akataja mikarafuu. Mama yake yuko Pemba, ana shamba alilorithi kwa baba yake. Miaka kadhaa nyuma aliwachukua mabinti zake watatu akatembea nao shambani, akawaonyesha kila mmoja miti yake: wewe kuanzia huu mpaka ule wenye kichuguu, wewe kutoka hapa mpaka kisimani. Hakuna karatasi. Miti ya mke wangu ni kumi na saba, na anaijua mmoja mmoja, upi unazaa mapema na upi una matawi ya kuvunjika. Mama ndiye anayeiangalia sasa. Sheria ya kwetu inampa ardhi raia. Siku hizi imezungumzwa hadhi maalumu kwa watu wetu walio nje, na nimesoma yote niliyoweza kuyapata, lakini hadhi si uraia, nami nisingeweza kumwapia mke wangu kwamba miti kumi na saba isiyo na karatasi itabaki yake atakapokuwa Mwingereza.

Hayo yalikuwa upande wake. Upande wangu ulikuwa na jambo moja, lakini zito. Mama yake ana zaidi ya miaka sabini, na sukari imeshaanza kumla miguu. Siku akilala kitandani, mke wangu atakwenda, hilo halina mjadala. Naye mgonjwa wa namna ile hukaa mwaka, hukaa miaka mitatu. Mwenye pasipoti ya hapa hurudi wakati wowote. Mwenye kibali tu akipitisha miaka miwili, mlango umefungwa, na itabidi aombe upya, na mtoto yuko upande huu. Nilimwambia hivyo, nikachukua karatasi nimchoree safu mbili.

"Usichore," akasema. "Nimekuelewa."

"Sasa mama akilala miaka mitatu?"

"Nitakuja kabla miwili haijaisha. Kisha nitakwenda tena."

"Kanuni inataka anayerudi awe anarudi kuishi. Akirudi kupita tu, ofisa anaweza kumkatalia."

Akazisogeza pembeni zile fomu.

"Mume wangu yuko hapa," akasema. "Mwanangu yuko hapa. Wewe unadhani nitakuwa narudi kupita?"

Nikaichukua ile karatasi tupu nikairudisha kwenye faili.

Tuliliacha pale, lakini mimi sikuliacha. Wiki mbili nililibeba hadi stoo na kurudi nalo. Jambo lililonisumbua halikuwa sheria. Nilitoa madaftari yangu ya miaka ile saba, yaliyoandikwa kila karatasi iliyotakiwa na siku iliyopatikana, nikayapitia kutoka mwanzo nikitafuta mahali nilipoandika kwamba nimemuuliza. Hakuna. Nilimuuliza jina kamili la bibi yake mzaa baba, na tarehe ya chanjo ya homa ya manjano. Kama anataka, sikumuuliza. Nilidhani hilo linajulikana, kwa kuwa mimi nilitaka.

Pia nilifanya jambo ambalo sikumwambia mapema. Nilimpigia mkwe wangu Pemba, mchana, mke wangu akiwa kazini. Nia yangu ilikuwa aniunge mkono. Baada ya salamu, ambazo kwa mkwe haziharakishwi, nikamwuliza kwa adabu kama miti ya binti yake inaweza kuandikwa kwa jina la dada mtu, ikawa kama amana tu.

"Kwani binti yangu amekufa?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni kwa ajili ya uraia."

"Ahaa. Nimesikia redioni, hata mwana wa mfalme anaoa mgeni. Nao wana maneno haya haya?"

"Haya haya, mama."

"Na yule mwanamke mwenyewe anasemaje?"

Nikamwambia sijui, sijasoma mahali popote kwamba aliulizwa. Akacheka kwa muda mrefu, kikohozi kikamkatiza, akarudi.

"Mwanangu," akasema, "wewe umeoa au umeandikisha?"

Nikamwomba radhi. "Hakuna kosa," akasema, "mwenyewe na aamue. Na mimi usinipime kwenye mizani yenu, nikiugua nitaugua, mwenye kuja atakuja." Kisha akaniuliza bei ya kilo moja ya karafuu London, nilipomtajia akasema watu wa huko ni wezi. Jioni nilimweleza mke wangu kila kitu. Alishajua; mama yake alikuwa ameshampigia.

"Yeye kasema uamue wewe," nikamwambia.

"Nimeshaamua. Anayengojewa ni wewe, bwana."

Basi nikachukua kifutio nikafuta zile alama za penseli. Nilikwenda mwenyewe Peckham kumshukuru mwenye saluni kwa udhamini ambao hautatumika, nikakaa kwenye kiti changu nikaliambia dirisha kwamba mke wangu atabaki na kibali chake na pasipoti yake ya Tanzania.

"Kwa hiyo mimi niliandika kwamba namjua kwa miaka mitano, mwenye tabia njema, bure?" akasema.

"Si bure. Tabia njema anayo."

"Anayo, amekuvumilia." Akamgeukia mke wangu, nilisikia kiti kikizunguka. "Wewe mama, hujui unachokiacha. Lakini bora umesema mapema, kabla hajakupangia na mazishi kwa tarehe."

"Ameshapanga," akasema mke wangu. "Yamo kwenye faili jekundu."

Ni kweli, lipo.

Tukakubaliana hivi. Kila mwaka, msimu wa karafuu ukianza, atakwenda Pemba kwa wiki sita hadi nane, amwone mama na asimamie miti yake mwenyewe, badala ya kungoja siku mbaya ndipo aende. Mwenye saluni alikubali kumshikia kiti. Ikija ile siku mbaya, tutahesabu miezi pamoja, yeye na mimi, na mimi na mtoto tutakwenda likizo zote ili awe na sababu chache za kukawia. Si mpango usio na hatari. Sheria hubadilika, na mara nyingi haibadiliki kwa kumhurumia mtu. Nilimweleza hatari hizo moja moja, akazisikiliza zote, akasema sawa. Mara ile nilimuuliza pia kama ana la kuongeza, nikaliandika.

Safari ya kwanza ilikuwa mwaka uliofuata. Kabla ya kuondoka alimsuka binti yetu nywele za kukaa wiki tatu. Wiki ya nne zikawa kazi yangu. Nilitazama video, nikanunua chanuo chenye mkia, nikaandika hatua kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo cha bafuni. Kuchana kulichukua saa nzima. Kusuka kulichukua saa mbili na nusu, mtoto akiwa ameketi sakafuni baina ya magoti yangu akitazama katuni, akinikumbusha kwa Kiingereza kwamba mama hamvuti hivyo.

Tulipomaliza tukampigia. Alikuwa amekaa ukumbini kwa mama yake na dada zake wawili, wanachambua karafuu, vikonyo huku, karafuu huku, na nyuma yao majamvi yameanikwa mpaka karibu na jikoni. Vidole vyake vilikuwa vimepiga weusi. Akatuambia mti wenye kichuguu umezaa kupita yote, mpaka wamelazimika kuazima ngazi. Mama mkwe akachungulia kwenye simu akanisalimu, akasema mke wangu amenenepa, akaondoka.

"Hebu mgeuze," mke wangu akasema.

Nikamgeuza mtoto. Nikasikia dada zake wakicheka mmoja baada ya mwingine kadiri simu ilivyokuwa ikipokezanwa.

"Nani kamsuka mtoto hivi?"

"Mimi. Nimefuata hatua zote."

"Ulianzia wapi?"

"Mbele."

"Fumua," akasema. "Anzia nyuma, kisogoni, uje mbele. Mistari midogo. Mimi nipo hapa, nitakuelekeza."

Akaiegemeza simu kwenye pishi la kupimia karafuu, akarudi kwenye kuchambua. Mimi nikachukua chanuo, mtoto akakaa tena sakafuni, na nikaanza kufumua.